Chui Milia wa Ranthambore: Kumwona, Kumtambua na Kumhesabu

Hakuna pori lolote la Afrika ambamo chui milia huishi kwa asili. Msomaji wa Kiswahili humfahamu kwa picha tu, na hata jina lake limeazimwa kutoka kwa wanyama wawili wa huku: chui kwa umbo, na punda milia kwa ngozi. Jina hilo lafaa, ila lisimpotoshe mtu akadhani kwamba chui milia ni chui aliyebadilika rangi. Katika elimu ya viumbe yeye huitwa Panthera tigris. Chui ni Panthera pardus, na simba ni Panthera leo. Hao ni ndugu wa nasaba moja, lakini kila mmoja ni aina yake peke yake. Chui milia dume wa India aweza kupita kilo 200, uzito ambao chui hawezi kuukaribia kamwe.

Takriban robo tatu ya chui milia wote waliobaki porini duniani wamo nchini India. Kila mwaka maelfu ya watu huingia katika hifadhi za nchi hiyo kwa mara ya kwanza, wakitumaini kumwona walau mmoja. Matembezi hayo huitwa huko kwa neno la Kiswahili, safari, lililovuka bahari pamoja na sifa za mbuga za Afrika Mashariki. Lakini mgeni aliyezoea habari za Serengeti, ambako simba hulala mchana kutwa penye uwanda wazi, hupata mshangao. Chui milia huishi peke yake, hupenda kichaka, na huenda bila kishindo. Mgeni hukaa garini saa tatu nzima huku akijiuliza maswali matatu: Yuko wapi? Huyu ni yupi? Wako wangapi?

Maswali hayo si ya watalii peke yao. Wataalamu wa India wamejiuliza maswali hayo hayo kwa zaidi ya miaka hamsini, na jibu moja lililokosewa liliigharimu hifadhi nzima chui milia wake wote.

Mahali penyewe

Hifadhi ya Taifa ya Ranthambore iko katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India, karibu na mji wa Sawai Madhopur. Hapo ndipo safu mbili za milima, Aravalli na Vindhya, zinapokutana. Nchi yake ni ya majabali, mabonde membamba na msitu mkavu wa miti inayopukutisha majani. Mti ulioenea zaidi huitwa dhok. Wakati wa mvua hufunika vilima kwa majani mabichi, na wakati wa kiangazi hubaki matawi matupu yenye rangi ya kijivu. Juu ya mwamba, katikati ya pori, imesimama ngome ya kale ambayo mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na ngome nyingine za Rajasthan. Ndani ya ngome hiyo mna hekalu la Ganesh, na mahujaji wa Kihindu hupita njia ya msituni kwenda kuabudu. Chini ya ngome yapo maziwa matatu madogo, Padam, Rajbagh na Malik, na pembezoni mwa maji hayo mamba huota jua.

Majira ya mahali hapa hutawaliwa na pepo zile zile wanazozifahamu mabaharia wa Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi inayovuma pwani ya Afrika Mashariki huvuka Bahari ya Hindi, hugeuka kuelekea kaskazini-mashariki, na kulimwagia bara la India mvua kubwa kuanzia Juni hadi Septemba. Katika miezi ya mvua sehemu za katikati za hifadhi hufungwa, kwa kuwa njia haziendeki. Kuanzia Oktoba hufunguliwa. Mgeni anayefika Januari hujifunika blanketi asubuhi, maana baridi ni kali. Anayefika Mei hukuta joto linalozidi nyuzi 40 za sentigredi. Hata hivyo ni hiyo miezi ya joto inayosifiwa zaidi na waongoza wageni: vijito vinapokauka, wanyama wote hukusanyika kwenye maji machache yaliyosalia, na majani yakishapukutika jicho hufika mbali.

Zamani pori hili lilikuwa uwanja wa kuwinda wa watawala wa Jaipur. Januari 1961 Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, alimpiga risasi chui milia hapa akiwa mgeni wa Maharaja. Wakati huo jambo hilo lilihesabiwa kuwa heshima kwa mgeni. Miaka kumi na mmoja baadaye mambo yalikuwa yamebadilika kabisa. Hesabu ya kwanza ya nchi nzima, iliyofanywa mwaka 1972, ilitoa jumla ya chui milia 1,827, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuwalinda wanyama wa porini. Tarehe 1 Aprili 1973 Serikali ya India ilianzisha mpango maalumu wa kumhifadhi chui milia, ukianza na maeneo tisa. Ranthambore ilikuwa mojawapo. Vijiji vilivyokuwa ndani ya pori vilihamishwa katika miaka iliyofuata, na mwaka 1980 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Bunduki zilipokwisha kunyamaza na mifugo kuondoka, chui milia waliokuwa wakitoka usiku tu walianza kuonekana mchana.

Msitu unaposema

Safari ya asubuhi huanza kabla jua halijachomoza. Wageni hupanda gari la wazi pamoja na dereva na mwongoza wageni, na kila gari hupangiwa sehemu yake ya hifadhi ili magari yasirundikane mahali pamoja. Masharti ni machache na hayavunjwi: mtu asishuke garini, asipige kelele, asitupe chakula wala taka.

Mgeni wa mara ya kwanza kwa kawaida hutazama. Mwongoza wageni husikiliza. Baada ya mwendo mfupi dereva huzima injini, na wote hukaa kimya. Wasiojua hudhani gari limeharibika, kumbe kazi ndiyo imeanza.

Chui milia mwenyewe hatoi sauti anapowinda. Wanaotoa sauti ni wale anaowawinda. Kuna kwanza chital, mnyama mwenye ngozi ya hudhurungi na madoa meupe, na sambar, aliye mkubwa na mweusi zaidi. Kwa mbali hao hufanana na swala, lakini ni wa jamii nyingine isiyopatikana Afrika kusini mwa Sahara. Tofauti iko kwenye pembe. Pembe ya swala ni mfupa uliovikwa ala ngumu, nayo hudumu maisha yote. Pembe za dume la chital au sambar ni mfupa mtupu wenye matawi, nazo hudondoka na kuota upya. Wa tatu ni langur, kima mwenye uso mweusi na mkia mrefu. Langur ni wa nasaba moja na mbega wa Afrika Mashariki: wote wawili hula majani, na wote wawili wana tumbo lenye vyumba kadhaa vya kuyachachulia majani hayo.

Langur na chital husaidiana. Langur akila juu ya mti huangusha majani na matunda mengi, na chital huyaokota chini. Langur huona mbali kutoka kileleni. Chital hunusa na kusikia vizuri kutoka ardhini. Adui akitokea, langur hukohoa kwa ukali na chital hupiga mlio mwembamba wa ghafla. Kila mmoja hufaidi ulinzi wa mwenzake bila makubaliano yoyote. Sambar hutoa mlio mzito unaofanana na honi ya lori, na waongoza wageni huuamini kuliko milio yote, kwa sababu sambar hashtuki ovyo.

Hata hivyo mlio ni dalili tu. Chital anaweza kushtushwa na chui wa kawaida, ambaye pia yumo Ranthambore, au na bweha, au na jani lililoanguka. Kwa hiyo mwongoza wageni mzuri hauliza tu kama mlio umesikika. Huuliza kama unarudiwa, kama wanyama wa aina mbili wanalia kwa pamoja, na kama wote wanatazama upande mmoja. Dalili tatu zikikubaliana, gari husogea. Zikipingana, gari hubaki pale pale. Mwanafunzi wa sayansi ataitambua kanuni hiyo: ushahidi mmoja huzaa dhana, na ushahidi wa namna mbalimbali unaoafikiana huikaribisha dhana hiyo kwenye ukweli.

Rangi isiyoonwa na mawindo

Hatimaye, kama siku ni njema, nyasi hufunguka na chui milia akatoka. Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni rangi. Mnyama wa rangi ya chungwa angewezaje kujificha katika msitu?

Jibu limo katika jicho la anayetazama. Ndani ya jicho la binadamu kuna aina tatu za seli zinazopokea rangi, na kwa msaada wake mtu hutenganisha nyekundu na kijani bila shida. Wanyama wenye kwato, kama chital na sambar, wana aina mbili tu. Kwao rangi ya chungwa haitofautiani sana na kijani cha majani. Mgeni garini humwona chui milia kama ndimi za moto katika nyasi. Sambar huona nyasi tu. Mamalia hawana rangi ya kijani ya kutia kwenye manyoya yao, lakini hudhurungi na chungwa wanazo, na dhidi ya macho ya mawindo hizo zatosha.

Milia nayo ina kazi yake. Mistari myeusi ya wima hukatakata umbo la mwili, ikichanganyika na vivuli vya mashina ya nyasi, hata jicho lishindwe kuunganisha kichwa, bega na mgongo kuwa mnyama mmoja. Ndiyo maana hata binadamu mwenye macho ya rangi tatu humpita chui milia aliyelala hatua chache kutoka njiani.

Kwa mtafiti, milia ina faida nyingine. Hakuna chui milia wawili walio na mchoro mmoja, na hata ubavu wa kushoto wa mnyama haulingani na wa kulia. Mchoro huo hauko kwenye manyoya tu. Umo hata kwenye ngozi, wala haubadiliki maisha yote. Ni kama alama za vidole vya binadamu zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Chui milia jike mashuhuri kuliko wote wa Ranthambore aliitwa Machli, yaani samaki kwa Kihindi, kwa sababu ya alama ya umbo la samaki usoni mwake. Alitawala kando ya maziwa kwa miaka mingi, alipigana na mamba akashinda, na alipigwa picha na wageni wasiohesabika. Alikufa Agosti 2016 akiwa na umri wa karibu miaka 19, umri ambao chui milia wachache sana wa porini huufikia. Habari hizo zote zimejulikana kwa sababu moja: aliyemwona mwaka huu aliweza kuwa na hakika kwamba ni yule yule wa mwaka uliopita.

Unyayo mchangani

Mara nyingi zaidi mgeni haoni mnyama. Huonyeshwa unyayo. Dereva husimama penye vumbi laini, na mwongoza wageni huonyesha alama ya kisigino kipana na vidole vinne visivyo na kucha, kwa kuwa paka wote wakubwa huzirudisha kucha ndani wanapotembea. Unyayo wa dume huwa kama mraba. Wa jike huwa mrefu kidogo. Kingo zikiwa kali, mnyama amepita karibuni. Kingo zikiwa zimemomonyoka au mdudu amepita juu yake, ni wa jana.

Ujuzi huo ni wa kweli na una thamani. Kosa lilitokea ulipodaiwa mambo usiyoyaweza. Tangu miaka ya 1960 maofisa wa misitu wa India waliamini kwamba mtaalamu anaweza kumtambua kila chui milia kwa unyayo wake. Basi kila baada ya miaka michache maelfu ya askari wa msitu walitumwa porini kwa siku kadhaa. Waliweka kioo juu ya unyayo, wakauchora, na wengine wakamimina plasta ili wapate umbo lake. Michoro ikakusanywa, ikalinganishwa, na jumla ikatangazwa.

Wanabiolojia, akiwamo K. Ullas Karanth wa India, walianza kuitilia shaka njia hiyo katika miaka ya 1980. Hoja zao zaeleweka hata na mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Unyayo wa mnyama yule yule hubadilika kufuatana na ardhi: kwenye tope hupanuka, kwenye mchanga mkavu hubomoka. Hubadilika pia kufuatana na mwendo, kwa maana anayekimbia hakanyagi kama anayenyata. Chui milia mmoja aweza kuhesabiwa mara tatu, na katika ardhi ya mawe wanyama watatu wasiache alama hata moja. Zaidi ya hayo, njia hiyo haikutoa kipimo cha kosa lake. Ilitoa namba moja tu, nayo ikaaminiwa.

Tena kulikuwa na jambo la kibinadamu. Hifadhi ilisifiwa idadi ilipopanda na kulaumiwa iliposhuka. Penye hali hiyo, michoro miwili yenye shaka huelekea kuhesabiwa kuwa ya wanyama wawili. Jumla ya taifa ya mwaka 2002 ilitajwa kuwa 3,642, karibu mara mbili ya ile ya mwaka 1972.

Sariska

Katika jimbo hilo hilo la Rajasthan, kaskazini mwa Ranthambore, iko hifadhi ya Sariska. Kwa miaka mingi vitabu vyake vilionyesha kwamba ina chui milia zaidi ya kumi. Mwishoni mwa mwaka 2004 habari zilianza kuenea kwamba hakuna anayeonekana. Uchunguzi ulifanywa, na mwaka 2005 wataalamu wa Taasisi ya Wanyamapori ya India wakathibitisha: katika Sariska nzima hakuwa amebaki hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza kwa ajili ya ngozi na mifupa, ambayo huuzwa kwa magendo. Wanyama walipotea msituni huku wakiendelea kuishi kwenye karatasi.

Hasara ya Sariska haikutokana na ujangili peke yake. Majangili walikuwapo kwingine pia. Lakini mahali ambapo hesabu ni sahihi, upungufu wa wanyama wawili au watatu hugunduliwa mapema, na ulinzi huongezwa. Sariska haikupata onyo lolote, kwa kuwa chombo chake cha kupimia kilisema mambo ni mazuri. Ni kama mgonjwa mwenye homa kali anayepimwa kwa kipimajoto kilichokwama.

Serikali ya India iliunda kikosi kazi chini ya uenyekiti wa Sunita Narain, kilichotoa taarifa yake mwaka 2005. Kisha ikaundwa mamlaka ya taifa ya kumhifadhi chui milia, na njia ya nyayo ikaachwa kama njia ya kutoa idadi. Hesabu mpya iliyofanywa mwaka 2006 kwa kamera na takwimu ilileta jumla ya 1,411. Haikuwa na maana kwamba wanyama zaidi ya 2,000 walikufa katika miaka minne. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo huenda haikuwapo tangu mwanzo.

Mwaka 2008 chui milia waliotoka Ranthambore walisafirishwa kwa helikopta hadi Sariska ili kuanzisha kizazi kipya. Njia ilikuwa ngumu, na baadhi ya waliopelekwa walikufa. Leo Sariska ina zaidi ya 40.

Hesabu ya picha

Njia inayotumika sasa hutegemea milia. Kamera mbili hufungwa kwenye mashina ya miti, moja kila upande wa njia, ili mnyama anayepita apigwe picha ubavu wa kushoto na wa kulia kwa mara moja. Kamera hujifyatua yenyewe inapohisi joto la mwili likipita. Baada ya wiki kadhaa picha hukusanywa na programu ya kompyuta hulinganisha michoro ya milia.

Lakini kamera haiwezi kumpiga kila mnyama. Hapo huingia hesabu. Tuseme katika kipindi cha kwanza chui milia 12 mbalimbali wamepigwa picha. Katika kipindi cha pili wamepigwa 10, na kati yao 6 ni wale waliokwisha kuonekana. Maana yake ni kwamba 6 kati ya kila 10 wanajulikana tayari. Ikiwa sehemu hiyo ndiyo ya pori zima, basi wale 12 wa kwanza ni sehemu 6 kwa 10 ya wote:

idadi = 12 × 10 ÷ 6 = 20

Wataalamu hutumia hesabu pana zaidi inayozingatia umbali kati ya kamera na mienendo ya wanyama, lakini msingi ni huo. Faida yake kubwa ni kwamba jibu huja na mipaka yake: haisemwi 20 tu, bali pia jibu lingeweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani.

Katika hesabu ya India ya mwaka 2022 kamera ziliwekwa mahali 32,588, nazo zikapiga picha zaidi ya milioni 47. Nyingi zilikuwa za wanyama wengine, mifugo na watu. Za chui milia zilikuwa 97,399, na katika hizo walitambuliwa chui milia 3,080 mmoja mmoja. Kutokana nao idadi ya nchi nzima ikakadiriwa kuwa wastani wa 3,682. Namba hiyo yakaribiana sana na ile 3,642 ya mwaka 2002, lakini hazifanani hata kidogo. Nyuma ya mojawapo kuna maelfu ya picha. Nyuma ya nyingine kulikuwa na imani.

Sahani ya chui milia

Mgeni anayerudi bila kumwona chui milia hulalamika kwamba ameona chital tu. Hana haki ya kulalamika, kwani chital ndio habari yenyewe. Chui milia mmoja huhitaji takriban wanyama 50 wenye kwato kwa mwaka, karibu mmoja kila wiki. Ili mawindo yasipungue, yampasa achukue si zaidi ya sehemu moja katika kumi ya wale waliopo. Kwa hiyo nyuma ya kila chui milia lazima wawepo wanyama 500 hivi wakila nyasi na majani. Chui milia 20 wahitaji 10,000. Mtu akitaka kujua kama hifadhi ina afya, na atazame malisho kwanza.

Hapo ndipo swali la chui milia linapokuwa swali la watu. Nyasi anazokula chital ndizo ambazo mwanakijiji wa jirani angependa kuwalisha nyati wake wa maziwa. Kuni zilizomo hifadhini ndizo anazokosa jikoni. Watu waliohamishwa walilipa gharama ambayo mtalii haioni, na wanaobaki pembezoni hupoteza mifugo, na mara nyingine maisha, kwa chui milia anayevuka mpaka. Fidia hutolewa kwa mifugo iliyouawa, lakini ikichelewa, chuki huwahi kufika, na majangili hupata wasaidizi kwa urahisi.

Utalii wenyewe una pande mbili. Huleta kazi kwa madereva, waongoza wageni na wapishi, na macho mengi porini humfanya jangili aogope. Lakini magari kumi yakimzunguka jike mwenye watoto, uwindaji wake huharibika. Mwaka 2012 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilisimamisha utalii katika sehemu za ndani za hifadhi hizo kuanzia Julai hadi Oktoba, kisha ikauruhusu tena chini ya miongozo mipya. Ubishi juu ya kiasi kifaacho bado unaendelea.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuifundisha hesabu ya kamera bila kamera. Zinahitajika maharage, mfuko usioonyesha ndani, na kalamu ya wino.

Mwalimu atie mfukoni maharage ambayo idadi yake hakuna mwanafunzi aijuaye. Wanafunzi watoe 40, wayatie alama ya wino, wayarudishe na kuyachanganya vizuri. Kisha watoe 50 bila kutazama, na kuhesabu mangapi yana alama. Yakiwa 10, makadirio ni 40 × 50 ÷ 10, yaani 200. Jaribio lirudiwe mara tano, na majibu yote yaandikwe ubaoni ili ionekane jinsi yanavyotofautiana.

Halafu jaribio lifanywe tena baada ya kufuta kwa siri alama za nusu ya maharage yaliyotiwa wino. Yenye alama yatakayotoka yatakuwa machache, na makadirio yatapanda hadi karibu mara mbili, ingawa mfukoni hakuna kilichoongezwa. Wanafunzi waulizwe ni kitu gani kilichoongezeka, na kosa la namna hiyo lingeweza kutokea wapi katika kazi ya kuhesabu nyayo. Mwishowe maharage yamwagwe mezani na yahesabiwe yote, moja moja, ili darasa lijue ni makadirio gani yaliyokuwa karibu na kweli. Msitu haumpi mtafiti nafasi hiyo ya mwisho, na kwa sababu hiyo hana budi kuwa mwangalifu tangu mwanzo.